Joto la Ghafla la Anga ya Juu: Kutoka Maputo ya Berson hadi Mvua ya Ainabkoi

Mwaka 1908 Arthur Berson na mwenzake Hermann Elias waliwasili Afrika Mashariki na shehena ya tiara, maputo na vipimahewa. Walitumwa na kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, karibu na Berlin, kilichoongozwa na Richard Assmann, mmoja wa wagunduzi wa stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya mawingu yetu ya mvua. Berson alikuwa mzoefu wa anga. Mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda na puto hadi kiasi cha mita 10,800, wakazimia wote wawili wakiwa huko juu.

Maputo waliyorusha kutoka Ziwa Viktoria hayakubeba mtu. Puto la mpira la enzi hizo lilivimba kadiri lilivyopanda mpaka likapasuka. Chini yake kilining'inia chombo chepesi chenye sindano iliyochora mistari ya joto na kanieneo kwenye ukanda uliopakwa masizi. Puto likishapasuka, chombo kilishuka polepole, na hapo kazi ya kukitafuta ikaanza, maana kisipopatikana safari nzima ya puto imepotea bure.

Mistari ile ilionyesha kwamba hewa ya juu ya ikweta ina baridi kali kupita ile ya juu ya Ulaya, zaidi ya digrii 80 chini ya sifuri. La pili lilikuwa gumu zaidi kueleweka: karibu kilomita 20 juu, Berson alikuta upepo unaotoka magharibi. Lakini mwaka 1883, mlima Krakatoa ulipolipuka, vumbi lake lilizunguka dunia likisukumwa na upepo wa kutoka mashariki. Vitabu vikabaki na pepo mbili katika anga moja kwa nusu karne. Ndipo mnamo 1960 na 1961 R. A. Ebdon wa Uingereza na Richard Reed wa Marekani, wakisoma vipimo vya visiwa vya Pasifiki, walipoonyesha kwamba pepo hizo hupokezana zamu, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Berson alikuwa amepima sawasawa. Alipima tu wakati wa zamu nyingine.

Fumbo hilo likiwa bado halijateguliwa, Berlin ilipata lake. Mapema mwaka 1952 Richard Scherhag aliona maputo yakirudisha vipimo visivyoaminika: stratosfia ya katikati ya baridi ilipanda joto kwa makumi ya digrii ndani ya siku chache. Jua halikuhusika, kwa sababu msimu huo ncha ya kaskazini iko gizani. Leo tunajua kinacholeta joto hilo la ghafla. Mawimbi makubwa ya hewa, yanayozalishwa na milima na tofauti ya joto kati ya bara na bahari, hupanda hadi stratosfia na kuuvunja nguvu upepo mkali unaoizunguka ncha. Upepo ukilegea, hewa hushuka, hubanwa na kupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Tukio huhesabiwa kuwa kubwa pale upepo wa kilomita 30 juu, kwenye latitudo ya digrii 60, unapogeuka na kuvuma kutoka mashariki. Hutokea kiasi cha mara sita kwa miaka kumi.

Mjapani Taroh Matsuno ndiye aliyelieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1971, kwa modeli ya kompyuta iliyo ndogo sana kwa vipimo vya leo. Aliingiza wimbi kutoka chini, akaiacha hesabu iendelee, na upepo wa ncha ukavunjika ndani ya modeli kama ulivyovunjika angani. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya kazi nzuri kuliko zote katika historia ya elimu ya hewa.

Ainabkoi, kwetu nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, inaingiaje hapa? Reli ya Uasin Gishu, iliyofika Eldoret mwaka 1924, ilivuka ikweta, ikapanda kilele cha Timboroa, kisha ikateremka Ainabkoi. Sisi tunaishi pembeni mwa ikweta, na anga yetu ni upande wa pili wa mizani. Hewa inaposhuka na kupata joto kaskazini, ya ikweta hupanda na kupoa. Mwaka 1970 S. Fritz na S. D. Soules walilithibitisha hilo kwa vipimo vya setilaiti ya Nimbus 3. Tena, mwaka 1980 James Holton na Hsiu-Chi Tan walionyesha kwamba zamu ya upepo wa ikweta huathiri uimara wa upepo wa ncha: stratosfia yetu ikivuma kutoka mashariki, kaskazini huwa rahisi zaidi kuvurugika.

Kwa hiyo modeli isiyojua upepo wa ikweta inaingia kaskazini ikiwa imepungukiwa. Miaka mingi modeli za tabianchi zilikatwa chini mno, paa lake likiwa ndani ya stratosfia yenyewe, ili kuokoa muda wa kompyuta. Mwaka 2013 Andrew Charlton-Perez na wenzake walionyesha kwamba modeli hizo za paa la chini huzalisha matukio machache mno ya joto la ghafla. Zamu ya upepo wa ikweta ilikuwa ngumu zaidi: M. Takahashi alipata modeli iliyoizalisha yenyewe mnamo 1996. Na hata baada ya hapo, mapema mwaka 2016 zamu ilikatizwa katikati, jambo lisilowahi kuonekana tangu vipimo vianze mwaka 1953, na hakuna utabiri ulioliona likija.

Mkulima wa hapa kwetu Burnt Forest ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Mahindi ya nyanda hizi, kama aina ya H614, hukaa shambani miezi mingi, kwa hiyo kosa la wiki mbili wakati wa kupanda huonekana kwenye gunia. Mwaka 2018 ni funzo zuri. Katika Januari na Februari wimbi la mawingu la kitropiki liitwalo MJO, ambalo huanzia Bahari ya Hindi na kuelekea mashariki, lilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida juu ya Pasifiki. Tarehe 12 Februari upepo wa ncha ya kaskazini ukageuka, na mwisho wa mwezi Ulaya ikazizima. Machi, MJO ikiwa imerejea Bahari ya Hindi, Kenya ilipata mvua kubwa mno. Upepo wa magharibi ulileta unyevu kutoka upande wa Kongo hadi nyanda za juu, na vimbunga vya karibu na Madagaska navyo vikachangia. Sisemi joto la ncha ndilo lililotuletea mvua ile. Ninachosema ni kwamba MJO ilikuwa sehemu ya pande zote mbili, na modeli inayokosea upande mmoja haina uhakika wa kupatia mwingine.

Athari nyingine iko jirani kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, kuna kipokezi cha GPS kinachotumika kupima ionosfia, hewa yenye chaji ya umeme mamia ya kilomita juu. Joto la ghafla la kaskazini hubadilisha mawimbi ya kupwa na kujaa ya hewa, na mawimbi hayo huitikisa ionosfia ya ikweta. Januari 2009, athari ya mojawapo ya matukio makubwa kabisa ya joto hilo ilionekana wazi katika vipimo vya Jicamarca, Peru, mahali palipo mbali na ncha kama sisi.

Kazi ya Berson haijakoma. Tangu mwaka 1996 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi, imekuwa ikirusha kutoka Nairobi maputo ya kupima ozoni yanayofika ndani ya stratosfia. Lakini Nairobi iko mashariki ya Bonde la Ufa, na hewa inayoleta mvua yetu hupita upande huu. Ningependa kaunti za nyanda za juu za magharibi zidai kituo chao cha maputo, hata kama kingerusha Januari hadi Machi tu, miezi ambayo stratosfia ya kaskazini huvurugika na mkulima wa Ainabkoi huamua siku ya kupanda.