Mtungi Kabla ya Sanduku: Historia Fupi ya Siku ya Kupika Pombe



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mmekwisha kusoma habari za hisa, mikopo na marejesho. Makala hii inarudi nyuma kidogo, kwenye siku ambazo hapakuwa na daftari wala sanduku la kufuli. Inahusu pombe ya nafaka, yaani ile ya mtama, ulezi, uwele na mahindi, na siku ya kuipika. Wapo watakaouliza: eti pombe na akiba vinakutana wapi? Vinakutana kwa mama zetu na bibi zetu. Wengi wao ada ya mtoto ilitoka mtunginini mwa pombe, na wengi walijifunza hesabu ya faida na hasara pale pale jikoni, bila mwalimu.

KAZI YA AKINA MAMA

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kupika pombe ya nafaka kumekuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Mwanzoni haikuwa biashara. Ilipikwa kwa ajili ya kuwaita watu walime au wavune, kwa ajili ya harusi, matanga na matambiko. Aliyeitisha kazi alilisha na kunywesha, na kesho yake naye aliitwa kwa jirani.

Kodi ya mkoloni na kukua kwa miji kulibadilisha mambo. Fedha taslimu ikahitajika kila nyumba. Mwanamume aliweza kwenda mkonge, reli au bandari akapata mshahara. Mwanamke asiye na mshahara wala shamba la zao la biashara alikuwa na nini? Alikuwa na debe la ulezi na ujuzi wa mama yake. Basi akapika, akauza.

Serikali hazikukaa kimya. Tanganyika ilitungiwa sheria ya pombe za wenyeji mwaka 1923. Nairobi, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1920, halmashauri ya mji ilifungua kilabu chake huko Pumwani na kujiwekea haki ya kuuza pombe peke yake. Mama aliyepikia nyumbani akawa mhalifu, wakati pombe ya namna ile ile ikiuzwa kwa faida ya halmashauri. Baada ya Uhuru nako leseni hazikuisha. Tanzania ilitunga Sheria ya Vileo mwaka 1968, na Kenya ikapiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, mpaka ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2010.

Lakini wapika pombe hawakuwa watu wa kujificha tu. TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake mwaka 1955 chini ya Bibi Titi Mohamed, miongoni mwa waliojiunga mapema Dar es Salaam walikuwamo wapika pombe na akina mama wa vikundi vya ngoma. Hawa walikuwa na fedha yao wenyewe mkononi, walijuana, na walizoea kukusanyika. Nasi tulioanza kikundi kwa kuchangishana tuwatambue kama wakubwa wetu.

SIKU YENYEWE ILIVYO

Tunasema "siku ya kupika", lakini kwa kweli ni wiki nzima. Nafaka huchaguliwa, ikalowekwa, ikatandazwa na kufunikwa kwa majani au gunia lenye unyevu mpaka iote. Siku mbili tatu hivi vimizizi vinatokea. Huanikwa juani ikauke, vichipukizi hufikichwa na kupepetwa, kisha ikasagwa. Hicho ndicho kimea.

Unga usiooteshwa hupikwa uji mzito. Uji ukishapoa kiasi, kimea hutiwa na kukorogwa. Ndani ya muda mfupi uji ule mzito unalegea na kuwa mtamu. Si uchawi. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Ukiishia hapo, au ukiuacha uchachuke kidogo tu, una togwa. Ukiendelea, chachu hula ile sukari na kutoa kileo na hewa. Ndiyo maana pombe hutoa povu. Mwisho huchujwa kwa kung'uto na kunywewa upesi, kwa sababu haikai. Siku mbili tatu na imekwisha kuwa chachu ya kukunja uso.

AJALI ZA JIKONI

Kila mpishi mzee anazo hadithi zake. Nyingi zinafanana, na kila moja ina sababu.

Ya kwanza ni haraka. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vinakufa. Utakoroga mpaka jioni, uji hauwi mtamu na pombe haiji. Watu husema jungu limetiwa jicho. Jicho gani, bwana! Ni moto. Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto. Walipima kwa kidole, na waliosubiri hawakujuta.

Ya pili ni mfuniko. Pombe inayochacha inatoa hewa. Ukiiziba kabisa kwenye dumu, dumu linavimba kama chura, na ukifungua nusu yake inaishia darini. Ufunike kwa kitambaa au ungo, hewa itoke na inzi wasiingie.

Ya tatu ni vyombo. Mtungi usiooshwa vizuri unaharibu pombe yote. Kibaya zaidi ni pipa lililowahi kuwekwa dawa ya shamba au mafuta ya mashine. Hilo halioshwi likawa safi, hata ukisugua kwa majivu wiki nzima. Ndoo ya bati nayo haifai kuchachushia, maana ukali wa pombe unaila ile rangi yake ya zinki, na wanywaji wanaugua tumbo.

Ya nne ni vichipukizi vya mtama. Chipukizi la mtama lina sumu, ile ile iuayo ng'ombe wanaokula mtama mchanga. Kufikicha, kupepeta, kuanika na kupika si urembo tu. Ni kinga.

MSIBA WA CHITIMA

Ajali iliyo kubwa kuliko zote hizo ilitokea Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, Januari 2015. Watu walikuwa wametoka mazikoni, wakanywa pombe ya mahindi. Kwao nako wanaiita pombe. Wakafa watu 75, na wengine wengi wakalazwa. Mama aliyeipika naye alikufa.

Maneno yakaenea kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Ungedhani yuko adui kijijini. Lakini uchunguzi wa maabara uliofuata ulionyesha kwamba nyongo haikuhusika. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na ndani yake bakteria walitengeneza sumu kali iitwayo asidi ya bongkrekiki. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Tusiseme Msumbiji ni mbali. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaugusha watu 317, na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 sumukuvu ilileta vifo Dodoma na Manyara, kwetu hapa Tanzania. Sumukuvu nayo haiondoki kwa moto wa jikoni. Ule msemo wa "nafaka iliyooza ipelekeni kwenye pombe, haitupwi" umeua watu. Nafaka yenye ukungu haifai uji, haifai pombe, na haifai kuku.

MAFUNZO KWA KIKUNDI CHETU

Kwanza, hesabu. Mpika pombe wengi huhesabu nafaka na kusahau kuni, maji, kusaga na siku zake saba. Anauza, anashika noti, anaona amepata. Mwanachama anayeomba mkopo kwa kazi yoyote na aandike gharama zote, pamoja na jasho lake.

Pili, deni la mteja. Pombe ni bidhaa isiyongoja, kwa hiyo mlevi anajua utamkopesha tu. Kata moja leo, kata mbili kesho, mwisho wa mwezi mtaji umekunywewa. Wako akina mama waliopanga zamu, huyu apike leo na yule wiki ijayo, ili wasiuziane bei ya kutupa. Zamu hiyo ni mwanzo wa ushirika.

Tatu, ghala. Kikundi kikitaka kupunguza hasara za wanachama, kinunue turubai la kuanikia na mifuko mizuri ya kuhifadhia kabla ya kufikiria kingine. Nafaka isianikwe chini kwenye udongo.

Nne, tuseme ukweli juu ya ulevi. Pombe iliyosomesha mtoto wa huyu imebomoa nyumba ya yule. Wamo kati yetu Waislamu na walokole ambao hawataigusa, na wana haki yao. Ndipo togwa inapokuja. Kimea ni kile kile, mtungi ni ule ule, ila unaishia njiani. Tena katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walihimiza uji wa kimea kwa watoto wachanga, kwa kuwa kimea kidogo hulainisha uji mzito, mtoto akapata chakula cha kutosha katika vijiko vichache. Ujuzi wa bibi haukwenda bure, umepata kazi nyingine. Unga wa kimea uliokauka vizuri unafungashwa, unauzwa, na haukuamshi usiku kugombana na mlevi.

Akina mama wenzangu, tunapoingia mwaka wa kumi na moja tusione haya juu ya mtungi uliotulea. Tuwaulize wazee wetu walipimaje, waliotesha vipi, walipoteza nini, tuandike wakiwa bado wapo. Na mkutano ujao wa mikopo, atakayeleta ombi la mradi wa nafaka, iwe ni togwa, unga wa lishe au pombe yenye leseni, swali la kwanza tumwulize hili: nafaka yako umeianika wapi?

Umoja ni nguvu.