Ada ya Wakili na Utaratibu wa Mahakama: Historia ya Deni Lisilodaiwa

Makada wengi wanapotajiwa utaratibu wa kesi za madai huuona kuwa ni kazi ya makarani: siku za kujibu, sahihi, mihuri, pingamizi la awali. Wanafunzi wa siasa nao huupita haraka ili wayafikie mambo wanayoyaona makubwa, yaani mali na matabaka. Lakini mali nyingi imebaki mikononi mwa wenyewe kwa sababu ya swali moja tu la utaratibu: je, huyu anayedai anaruhusiwa kufungua shauri, na amelifungua kwa njia inayotakiwa? Swali hilo hujitokeza wazi kabisa pale wakili anapomshitaki mteja wake mwenyewe kwa ada ambayo haikulipwa. Tutalitazama huko Uingereza, maana sheria yake tuliletewa na ukoloni, na kipande chake tunacho hata leo.

Mawakili wa Uingereza walikuwa makundi mawili. Wa kwanza walikaa ofisini, wakapokea wateja, wakaandika hati na kutunza mafaili. Wa pili walivaa joho na kusimama mbele ya majaji kusema. Kuhusu ada, sheria iliyatendea makundi hayo kwa namna mbili tofauti kabisa.

Wakili wa ofisini aliweza kumshitaki mteja, ila kwa masharti. Sheria ya mwaka 1729 ilimtaka ampelekee mteja hesabu ya madai yake iliyotiwa sahihi, kisha angoje mwezi mzima kabla ya kufungua shauri. Hesabu hiyo iandikwe kwa hati inayosomeka, na kwa Kiingereza. Sharti hili la lugha si dogo. Wakati huo kumbukumbu za mahakama za Uingereza zilikuwa bado zinaandikwa kwa Kilatini. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1733. Kwa hiyo mwananchi wa Uingereza aliweza kuisoma hesabu ya wakili wake kabla hajaweza kuisoma kumbukumbu ya kesi yake. Katika mwezi ule aliweza pia kuiomba mahakama iikague hesabu kifungu kwa kifungu. Ikipunguzwa kwa sehemu moja ya sita, gharama za ukaguzi zilimwangukia wakili. Sheria ya 1843 iliyashika masharti hayo hayo.

Tusidanganyike kwamba Bunge la 1729 lilikuwa rafiki wa wanyonge. Lilikuwa Bunge la wenye mashamba makubwa, na wenye mashamba ndio waliokuwa wateja wakubwa wa mawakili. Walijilinda wenyewe. Lakini kinga waliyoitengeneza iliandikwa kwa ajili ya kila mteja, na fundi viatu naye akaweza kuitumia, kama alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba ipo.

Wakili wa joho hakuweza kumshitaki mtu yeyote. Ilisemekana kwamba ada yake si ujira bali ni heshima, zawadi ya shukrani, na wanasheria walipenda kuilinganisha na desturi ya Roma ya kale, ambako sheria ya mwaka 204 kabla ya Kristo ilikataza wasemaji wa mahakamani kulipwa. (Huko Roma nako walilipwa, Kaisari Klaudio mwaka 47 aliishia kuweka kiwango cha juu cha sesta 10,000.) Kwa kweli wakili wa joho hakulala njaa. Desturi ilikuwa ada yake ipitie kwa wakili wa ofisini, na ilipwe mapema, pamoja na faili.

Kanuni hiyo ilipimwa vikali katika kesi ya Kennedy na Broun. Bibi Patience Swinfen, mjane, aligombana na jamaa wa ukoo wa mumewe juu ya shamba la Swinfen huko Staffordshire. Mwaka 1856 wakili wake, Sir Frederic Thesiger, aliimaliza kesi kwa mapatano bila ridhaa yake: mjane aliache shamba, apewe pauni 1,000 kila mwaka. Alikataa. Akamchukua Charles Rann Kennedy wa Birmingham, msomi aliyetafsiri hotuba za Demosthenes, na mwaka 1858 wakashinda. Shamba likawa lake. Mwaka 1860 alimshitaki Thesiger, ambaye sasa aliitwa Lodi Chelmsford, akashindwa: mahakama ilisema wakili wa joho aliyetenda kwa nia njema hawajibiki kwa mteja.

Kisha mjane akaolewa na Bwana Broun, na Kennedy hakulipwa. Alidai pauni 20,000 alizoahidiwa. Mwaka 1862 baraza la raia huko Warwick lilimpa ushindi. Mwaka 1863 Jaji Mkuu Erle na wenzake wa Mahakama ya Common Pleas wakautengua: ahadi ya mteja kwa wakili wa joho kuhusu kazi ya kesi haimfungi mtu, iwe imetolewa kabla ya kesi, wakati wa kesi au baada yake. Hawakuwa na haja ya kuuliza kama kazi ilifanyika. Hati nyingine, iliyompa Kennedy haki ya shamba baada ya kifo cha bibi huyo, nayo ilifutwa na Mahakama ya Chancery.

Mtu anaweza kufurahi kwamba mjane amewashinda wenye majoho. Mimi siioni hivyo. Aliyefaidika mwaka 1863 ni mwenye shamba, na aliyepoteza ni mtu aliyefanya kazi, ingawa pauni 20,000 zilikuwa bei ya kutisha. Zaidi ya hayo, fikra ile ile kwamba hakuna mkataba kati yao ilitumika kwa muda mrefu kuwa hoja ya kuwakinga wenye majoho wasishitakiwe na wateja kwa uzembe. Chama cha wenye kazi hiyo kilikubali kupoteza deni la mmoja wao, kikabaki na ngome ya wote. Ngome ilichelewa kuanguka: kanuni ya ada ilifutwa kwa sheria mwaka 1990, na kinga ya uzembe iliondolewa na Baraza la Malodi mwaka 2000.

Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, lakini majoho mawili hayakushonwa hapa. Wakili wetu ni mmoja, wa ofisini na wa mahakamani, na ada yake ni deni kama deni lingine. Kilichovuka bahari ni ile sehemu moja ya sita. Imo katika Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015: hesabu ya gharama ikipunguzwa kwa zaidi ya sehemu moja ya sita, aliyeileta hapati gharama za ukadiriaji huo. Na sharti la lugha, ambalo Waingereza walijiwekea mwaka 1729, sisi tulilifikia mwaka 2021, pale sheria ilipotamka kwamba lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili.