Vigae vya Columbia

Machi 1979 chombo cha anga Columbia kilifika Florida kimebebwa juu ya ndege, kikiwa na mapengo mengi ya vigae vya kukinga joto. Tungedhani gundi ndiyo mbovu. Sivyo! Kigae cha silika huvunjika upesi, kwa hiyo kilikalishwa juu ya feliti ili alumini ikijikunja kisipasuke. Kumbe nyuzi za feliti zilivuta mahali pachache tu mgongoni mwake, na nguvu ikapungua nusu. Mafundi wakabandua maelfu, wakavipaka uji wa silika mgongoni, wakavirudisha kimoja kimoja. Safari ikangoja hadi Aprili 12, 1981. Huko juu, Young na Crippen waliona vigae kadhaa vimeng'oka karibu na mkia. Vya tumboni, ambavyo vingekutana na moto mkali wakati wa kurudi, hawakuweza kuviona. Walitua salama Aprili 14.