Kiyunani Kipi Kitangulie?

Katika habari za Jubilei yafaa tukumbuke na kazi ya lugha, kwa kuwa Kanisa la Unguja limejengwa kwa mawe na kwa maneno pia. Mwalimu atakaye kujifunza Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, hukutana kwanza na swali hili: aanze na Kiyunani kipi? Maana si kimoja.

Kipo cha Homer, cha mashairi ya kale sana. Kipo cha Athene, walichoandika Thucydides na Plato katika karne ya tano na ya nne kabla ya Kristo. Tena kipo kilichoenea baada ya vita vya Alexander Mkuu, aliyekufa mwaka 323 kabla ya Kristo. Hiki huitwa Koine, yaani cha watu wote. Nacho ndicho cha Injili.

Zamani wanafunzi wa Ulaya walianzishwa Athene, na wakuu wengi walikidharau Kiyunani cha Injili, wakidhani kimeharibika. Hata tangu mwaka 1897 Grenfell na Hunt walichimbua huko Oxyrhynchus, katika Misri, karatasi nyingi za mafunjo: barua, hati za deni, mikataba. Ndipo Deissmann, mtaalamu wa Kijerumani, alipoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1908 ya kuwa maneno ya Mitume yalikuwa maneno ya nyumbani na sokoni.

Sisi wa Unguja jambo hili twalifahamu. Mtu akitoka Mjini, akapita msitu wa Jozani hata Makunduchi, husikia Kikae, chenye namna za vitendo asizozijua. Dr. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikishika Kimvita. Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, akakishika Kiunguja cha Mjini, kilichofuata misafara hata bara; na kwa hicho Agano Jipya lilitoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua hicho hicho kuwa msingi wa Kiswahili cha shule. Si kwamba Kimvita au Kikae ni duni, bali Kiunguja kilikuwa kimefika mbali zaidi.

Hata pwani yetu iliandikwa kwa Koine. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanya biashara mmoja aliandika habari za safari za bahari hii, akataja bandari ya Rhapta na kisiwa cha Menouthias. Wengine hudhani kisiwa hicho ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia.

Basi twasema: mwalimu mwenye saa chache aanze na Koine, apate kusoma Injili ya Yohana mapema, asije akachoka njiani. Lakini Athene asiidharau. Paulo asemapo mē genoito, ambayo kwa Kiswahili ni “Hasha!”, atumia namna ya kitendo iliyokuwa adimu katika Koine, bali nyingi Athene. Naye atakaye kumsoma Yohana Krisostomo itampasa kuujua ufasaha wa Athene, kwa maana Baba yule aliufuata.

Mlango wa kuingilia ni mmoja, vyumba ni vingi. Aliyekwisha kuingia asikae kizingitini.