Kilo 30 na Kibaba Kimoja: Kumbukumbu za Vizuizi vya Nafaka

Miaka michache iliyopita neno moja lilinikwamisha kwa muda wa wiki mbili. Nilikuwa nikifasiri mashairi machache ya Wapalestina, si kutoka Kiarabu chake, maana Kiarabu changu ni cha chuoni na cha kuungaunga, bali kwa kupitia Kiingereza. Karibu kila shairi lilinifikisha mahali pale pale: foleni ya alfajiri, mzee na kikapu chake, mwanafunzi na mkoba wake, na mbele yao askari anayetazama karatasi. Nikalitafutia mahali hapo jina la Kiswahili. Lango? Lango limejengwa ili watu wapite. Kituo? Kituoni mtu hupumzika. Neno kizuizi lilikuwapo tangu mwanzo, nami nikalikwepa kwa kuliona dogo na la kawaida mno kubeba uzito wa mashairi yale.

Nikaenda Temeke kwa shangazi yangu. Yeye hakusoma ushairi wa vitabuni, lakini ana sikio la lugha kuliko wengi wetu tunaojiita washairi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, “Shangazi, pale tuliposhushwa garini tukitoka Ikwiriri na mchele, palikuwa pakiitwaje?” Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau jina la baba yake. “Kizuizini, mwanangu. Wewe ulitaka paitweje?”

Kwa jibu hilo neno likapatikana, na pamoja nalo likarudi jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka mingi. Ndilo ninaloandika hapa, kwa kuwa vizuizi vya nafaka vimo katika historia ya nchi yetu, ila vimeandikwa zaidi na wachumi kuliko na waliopangwa foleni mbele yake.

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilikwisha kulipa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, mamlaka ya pekee ya kununua nafaka kuu kwa wakulima. Bei ilipangwa juu, ikawa moja kwa nchi nzima, ili mkulima wa mbali asipunjike kwa umbali wake. Nia yake haikuwa mbaya, na hapana budi tuiseme kabla ya kusema mengine. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, mwishoni mwa 1978 vikaanza vita vya Kagera, na mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei ulimwenguni. Malori yakakosa matairi, na shirika likachelewa kuwalipa wakulima. Mkulima aliyekopwa mpunga wake alianza kuutafutia njia nyingine, na njia hiyo ikapewa jina la magendo.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Unguja na Pemba zililijua kwa harufu ya karafuu, na mwaka 1973 kikaundwa kikosi kizima, KMKM, ambacho jina lake lenyewe ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Sisi wa mrima tulilijua kwa harufu ya mchele.

Sheria ya bara ilimruhusu mtu kuvusha nafaka kilo 30 tu kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Ili sheria hiyo iwe na meno, barabarani pakawekwa vizuizi: pipa lililojazwa mchanga huku, pipa huku, na mti mrefu juu yake. Kando yake mzani.

Naomba msomaji auangalie mzani huo kidogo, maana ndipo ilipofichika siri ya jambo. Shambani Rufiji hapakuwa na kilo. Palikuwa na kibaba, palikuwa na pishi, ambayo ni vibaba vinne, na palikuwa na debe. Mtu aliyetoka mjini kwenda kuwaona wazee wake alipewa mchele kwa madebe, na aghalabu kipimo cha heshima kilikuwa madebe mawili, kwa sababu mawili ndiyo anayoweza kuyabeba mtu mmoja kwa mti begani. Sasa debe la mchele lina uzito wa kilo kama 17. Mawili ni 34. Kwa hiyo zawadi ya kawaida kabisa, ya mama kwa binti yake, ilizidi sheria kwa pishi moja na nusu hivi. Sidhani kama aliyeandika kilo 30 alikusudia hivyo. Lakini tangu siku alipoiandika, kila mwanamke aliyerudi mjini na zawadi ya kwao alifika kizuizini akiwa mkosaji, na pishi ile iliyozidi ikawa mali ya mazungumzo.

Na mjini mchele huo ulihitajika. Waliokuwapo wanakumbuka foleni za maduka ya RTC, ambapo mtu aliweka jiwe mahali pake akaenda kuteka maji, na jiwe likaheshimiwa kama mtu. Wanakumbuka unga wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, ambao watu wa Dar es Salaam, kwa mzaha wao usiokufa hata kwa njaa, waliuita unga wa Yanga.

Ilikuwa mwaka 1983, baada ya mavuno, nami nina miaka 13. Babu yetu alikuwa amefariki Temeke na arobaini yake ilikuwa inakaribia. Shangazi akanichukua kwenda naye Ikwiriri kutafuta mchele wa hitima. Tulipewa madebe matatu. Shangazi alipiga hesabu yake usiku kucha: mawili yake, moja langu. Yake yatazidi kidogo, langu litapungua sana, na wawili kwa pamoja tutakuwa chini ya kilo 60. Ilikuwa hesabu safi.

Basi la Barabara ya Kilwa, iliyokuwa bado ya vumbi na mashimo, lilitufikisha kizuizini jua likiwa limekwisha kuwa kali. Ni kizuizi gani, sitakitaja. Tukashushwa wote. Nilivyoviona pale sijaviona vikiandikwa. Kabla mshika mzani hajafika, wanawake walikuwa wamekwisha kutazamana. Mwenye kingi alimtazama mwenye kidogo, na bila neno kibunda kikahama mkono. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikuwa, kwa kusema kweli, na mimba ya miezi minne na mchele wa nne iliyobaki. Mchele ulilala ndani ya foronya na ndani ya mbeleko. Hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu waliokuwa wakirudi nyumbani, wamejifunza kujigawa upya kila wafikapo kwenye mti ule, kisha wakajikusanya tena upande wa pili.

Zamu yetu ilipofika, mshika mzani alipima madebe ya shangazi, akatikisa kichwa. Shangazi akamweleza hesabu yake. Yule bwana akaniuliza, “Wewe una kitambulisho?” Sikuwa nacho, wala sikujua kama mtoto anaweza kuwa nacho. Akasema sheria inampa mtu kilo 30, na huyu si mtu, ni mtoto. Debe langu likawekwa kando, pamoja na magunia mengine yaliyokuwa chini ya mwembe.

Ndipo mwanamke mmoja tusiyemjua, aliyekuwa na mkoba mdogo tu mkononi, akasogea akasema kwa sauti ya uchovu, “Hilo debe ni langu. Nilimpakatisha mtoto tu.” Mshika mzani alimtazama, akatutazama sisi. Nadhani alijua. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali, na pishi ya shangazi iliyozidi ilikuwa imekwisha kubaki pale. Akamwambia achukue.

Tulipofika Mbagala, karibu na mwisho wa safari, shangazi alifungua debe akataka kumpimia yule mama pishi nzima. Alikataa. Akatoa kikombe mkobani mwake, akachota kibaba kimoja, si zaidi. Akasema, “Nachukua hiki ili nilichosema pale kisiwe uongo mtupu. Sasa na mimi nilikuwa na changu ndani yake.” Akateremka. Hatukumwuliza jina.

Hitima ilisomwa, watu wakala, mchele ukatosha kwa taabu. Lakini shangazi aliniambia juzi kwamba kilichomkaa moyoni siku ile si pishi. Ni kwamba mwanamke mwema alilazimika kusema uongo mbele za watu ili wafu wetu wasomewe.

Mwaka huo huo wa 1983 ulikuwa na mambo mengi. Mwezi Machi ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wengi waliishangilia, kwa sababu bidhaa zilizofichwa zilitoka. Kabla ya mwaka kuisha ikaja sheria ya nguvu kazi, na mitaani Manzese, Temeke na Kariakoo watu wakaanza kusimamishwa na kuulizwa kitambulisho cha kazi. Asiyekuwa nacho aliitwa mzururaji, na wengi wakapakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini.

Wazee wa mji hawakuliona jambo hilo kuwa geni. Mkoloni wa Kiingereza aliwataka stakabadhi ya kodi njiani, na mwaka 1944 alitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji aliowaona hawafai. Ile Mnazi Mmoja tunayoipenda kwa mikutano na sherehe iliachwa wazi ili kutenga makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Mji wa Dar es Salaam umezaliwa na mstari tumboni. Uhuru uliufuta mstari ule, lakini desturi ya kumwuliza mtu wa Uswahilini “karatasi yako iko wapi?” ilibaki imelala, ikangoja siku ya shida.

Tazama basi jinsi mambo mawili ya 1983 yalivyokutana. Kwenye barabara ya kuingia, mji uliukataa mchele. Kwenye barabara ya kutoka, uliwafukuza walaji. Waliosimamia yote mawili waliamini kwamba wanaiokoa nchi, na huenda baadhi yao walikuwa wakilala njaa kama sisi.

Mwaka 1984 kiwango kiliongezwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, vizuizi vya nafaka vikaanza kuondolewa, na mwaka 1987 mpaka huo ukafutwa kabisa. Siku mti ulipoondolewa njiani hapakuwa na hotuba niliyoisikia. Mchele ukaja Tandika na Manzese kwa malori, mchana, na watu wakasahau upesi. Pishi za kizuizini hazikurudishwa. Nani angezihesabu?

Barabara ya Kilwa iliviona vizuizi tena, kwa sababu nzito zaidi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Kibiti walipokuwa wakirejea kutoka lindoni, na katika kipindi kile viongozi wengi wa vijiji vya Kibiti na Rufiji waliuawa pia. Mwenye kudai kwamba kila kizuizi ni dhulma na awaulize wajane wa mwaka ule. Na mwenye kudai kwamba kizuizi hakimdhuru asiye na hatia na amwulize mkulima wa huko ambaye usiku wake uligeuka wa hofu kutoka pande zote.

Sasa nirudi kwa Wapalestina, na niseme wazi kwamba sisi si wao. Vizuizi vyetu vya nafaka vilikuwa vya serikali yetu wenyewe, vikadumu miaka michache, vikafutwa. Vyao katika Ukingo wa Magharibi ni vya jeshi linaloikalia ardhi tangu 1967, na tangu 1991 kutoka kwenda upande wa pili kumehitaji kibali cha mtu mmoja mmoja. Mahmoud Darwish alifungwa zaidi ya mara moja, akiwa kijana, kwa kusafiri ndani ya nchi aliyozaliwa bila kibali. Kulinganisha mizigo isiyolingana ni kumpunja mwenye mzito.

Lakini lipo jambo moja tunaloweza kujifunza. Mwaka 2001 wanawake kadhaa wa Israeli walianza kwenda vizuizini, pale Qalandiya na kwingineko, kusimama tu na kuandika wanayoyaona: saa ngapi foleni ilianza, nani alirudishwa, mgonjwa alingoja muda gani. Waliliita kundi lao Machsom Watch. Hawakuviondoa vizuizi. Walichofanya ni kuzuia kusahauliwa kwa yanayotendeka pale.

Kwetu hakusimama mtu na kalamu. Nasi washairi wa pwani, tulio na utenzi kwa kila vita na kila harusi, sijakutana na utenzi wetu hata mmoja wa mzani ule. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 sasa wako katika miaka ya sitini na kuendelea. Nenda kamwulize bibi yako alificha wapi mchele wake. Mwulize wa Pemba alificha wapi karafuu. Andika anavyosema, kwa vipimo vyake yeye: pishi kwa pishi.

Katika tafsiri yangu nimeandika kizuizi. Na kila ninapolifikia neno hilo namwona mwanamke akiteremka Mbagala na kibaba chake kimoja, amekibeba kwa mikono miwili kisimwagike.