poza (kupozwa kwa myuko)

poza *kt* fanya kitu cha moto kipoe. Hutokana na poa.

Kitenzi hiki humtega mfasiri wa maandishi ya umeme. Nchini Tanzania, kituo cha kupoza umeme, kama kile cha Kiyungi mjini Moshi, hakihusiki na joto: hapo umeme wa msongo mkubwa hushushwa ili usambazwe. Kwa hiyo “kifaa cha kupoza umeme” humfanya fundi afikirie transfoma. Tahajia “kupooza”, iliyoenea hata katika matangazo, iepukwe. Kifaa kilichopooza ni kifaa kilichokufa ganzi.

myuko *nm* usafiri wa joto kwa mwendo wa hewa au kimiminika chenyewe. Hutofautishwa na *mpitisho* na *mnururisho*. Mfano wake mkubwa uko juu ya Moshi. Mchana jua hupasha miteremko ya Kilimanjaro, hewa iliyo karibu na ardhi hutanuka, huwa nyepesi na kupanda, na mvuke wake ukipoa huko juu huwa wingu. Ndiyo maana Kibo, kilichokuwa wazi alfajiri, mara nyingi hufichika kabla ya jioni. Usiku hewa iliyopoa huteremka.

Katika vyombo vya reli, pawasaplai hupokea umeme wa betri, mathalani wa volti 110, na kuipatia redio au taa volti chache zilizotulia. Kiwango cha Ulaya EN 50155 hutaka vifaa vya aina hii vistahimili volti 77 hadi 137.5 betri inapokuwa ya volti 110. Kazi hiyo huzalisha joto. Pawasaplai inayopozwa kwa myuko haina feni: hewa hupanda yenyewe kati ya mapezi ya alumini. Feni huchakaa na kuvuta vumbi ndani, nalo vumbi la tambarare za Kahe si haba.

Tafsiri “isiyopozwa” ni kosa la hatari. Msomaji ataelewa kwamba kifaa hakihitaji nafasi. Atakifunga ndani ya kisanduku kisicho na matundu, au atakilaza mapezi yake yakizuia mkondo wa kupanda. Joto likizidi, kifaa hujizima, na dereva hubaki na redio bubu njiani. “Inayopozwa kwa upepo” nayo haifai, kwani upepo huashiria hewa inayosukumwa.

Maneno *mwinuko kutoka usawa wa bahari* yasiachwe katika tafsiri ya mwongozo. Hewa nyembamba huchukua joto kidogo, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, hupanda zaidi ya mita 700 kutoka pwani.

*Matumizi:* Pawasaplai hii hupozwa kwa myuko. Iwekwe mapezi yakiwa wima, na nafasi ya hewa iachwe juu na chini yake.