Kutoka Tanga hadi Kigali

Hapa Kigali tunajua kwamba Wajerumani waliondoka, Wabelgiji wakaingia. Lakini kwa nini Wabelgiji? Kwa maoni yangu, jibu linaanzia Tanga.

Novemba 1914 Uingereza iliteremsha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, likawarudisha melini na kuteka bunduki na risasi walizoziacha.

Baada ya pigo hilo, vita vilirefuka na Uingereza ikahitaji mshirika upande wa magharibi. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Ujerumani, ila ilikuwa na jeshi Kongo. Mei 1916 jeshi hilo la askari Wakongo liliingia Kigali. Septemba likateka Tabora. Kwa hiyo mwaka 1919 Ubelgiji ilijadiliana na Uingereza ikiwa tayari na ardhi mkononi, nayo ikaachiwa Rwanda na Burundi.

Mkubwa akishindwa kumaliza vita peke yake, mshirika mdogo hupanda bei. Bei hiyo ililipwa kwa nchi yetu, na wenyewe hatukuulizwa.